Kwa nini mpeasi wa Asia unagoma kuzaa sehemu za joto

Kuna swali nimelisikia mara nyingi sana na linakuja kwa sura ileile. Mtu ameonja lile peasi la duara, gumu kiasi, ukiling'ata maji yanakutiririka mpaka kidevuni, akalipenda, akatafuta mche akapanda, mti ukakua vizuri tu una majani mazito yanang'aa, mwaka wa tatu kimya, wa tano kimya, wa saba yametoka maua matatu yakadondoka. Afu ndo anauliza, hivi huu mti unastahimili joto kweli? Na majibu anayopewa yanamchanganya zaidi, mmoja anamwambia ongeza mbolea, mwingine mwaga barafu kwenye mizizi, mwingine anasema kata huo ni mti dume.

Naomba nilifungue hili fundo polepole maana lina kamba kama tatu zimesukwa pamoja, ukivuta moja kwa nguvu zingine zinakaza.

Tuanze na mti wenyewe. Peasi la Asia ni peasi kamili, sio mchanganyiko wa tufaha na peasi kama watu wengi wanavyoamini kwa sababu ya lile umbo la duara. Jina lake la kisayansi ni Pyrus pyrifolia, asili yake ni Uchina, Japan na Korea, na kule Japan wanaliita nashi, yaani peasi tu. Kuna ndugu yake wa Uchina mwenye umbo refu kidogo kama peasi la kawaida, humo ndo ipo aina inaitwa Ya Li ambayo tutairudia kwa sababu ni muhimu sana kwa sehemu za joto. Lile peasi laini lenye shingo ambalo wengi wamelizoea ni la Ulaya, Pyrus communis, ni ukoo mmoja lakini tabia tofauti. La Ulaya unalichuma likiwa gumu linaenda kuivia ndani, la Asia linaivia juu ya mti na ukilichuma bichi litabaki bichi tu, halina utamu wa kuja baadaye. Na zile chembechembe kama mchanga unazozisikia kwenye meno sio uchafu wala ugonjwa, ni seli zenye ukuta mgumu, mapeasi yote yanazo.

Sasa lile swali. Je unastahimili joto? Jibu ni ndio, na hapo ndipo watu wanapopotea kwa sababu swali lenyewe limeulizwa kwa upande usiofaa. Mpeasi wa Asia ukiupa maji ya kutosha unakaa kwenye kiangazi kikali bila shida kubwa, jua linaupa sukari. Kinachousumbua sehemu za joto ni kitu kinachokosekana, yaani kile kipindi cha baridi ambacho mti unakitumia kulala. Kwahiyo swali la kuuliza ni hili: hapa nilipo kuna baridi kiasi gani, na ni aina gani ya mpeasi inaridhika na hiyo baridi? Ukilishika hilo mengine yote yanaanza kujipanga.

Kulala maana yake nini. Mti huu asili yake ni sehemu zenye majira ya baridi ya kweli, theluji inaanguka, maji yanaganda. Kama ungechanua siku yoyote yenye kajua ka kudanganya, maua yangekufa kesho yake. Kwahiyo mti umejiwekea ulinzi, hali ya hewa ikianza kupoa unafunga macho yake, yaani vile vichipukizi vidogo kwenye matawi vyenye majani na maua ya mwaka unaofuata ndani yake, afu unavifunga kwa kufuli ya ndani kabisa. Ukilala hivyo hata ukiuletea joto la kupendeza hautaamka. Kufuli inafunguka kwa ufunguo mmoja tu, baridi ya kutosha iliyokusanywa kidogokidogo. Ikishafunguka ndo joto linaruhusiwa kuamsha maua.

Na kuna jambo wengi hawalijui, miti mingi ya sehemu za baridi inaanza kulala kwa kuona mchana unafupika, lakini mpeasi na mtufaha hazijali sana urefu wa mchana, zinasikiliza baridi. Baridi inauambia ulale na baridi hiyohiyo inauruhusu kuamka. Sasa fikiria mti huo uko sehemu ambayo baridi yenyewe inapita kama mgeni wa nusu saa. Mti haujaambiwa vizuri ulale, na ukilala hauambiwi uamke.

Hicho kiasi cha baridi ndo watu wanakiita masaa ya baridi. Hesabu ya zamani na rahisi kuliko zote ni kuhesabu kila saa ambayo hewa iko kati ya digrii 0 na 7.2 za Selsiasi kwenye msimu mzima. Ukisikia aina fulani inahitaji masaa 400 maana yake ni jumla ya masaa hayo, hayahitaji kufuatana. Fikiria kibubu. Kila usiku wa baridi mti unatumbukiza sarafu, na siku kibubu kikijaa kufuli inafunguka.

Ila hesabu hiyo ina tobo, na tobo lenyewe ndo linawaumiza watu wa sehemu za joto. Inahesabu sarafu zinazoingia tu wala haiangalii mchana kunatokea nini. Sehemu nyingi zenye joto usiku unaweza kushuka mpaka digrii 6 lakini saa nane mchana ni digrii 24, na joto la mchana linafuta sehemu ya kazi iliyofanywa usiku. Watafiti wa Utah, Marekani, waliliona hilo kwenye miaka ya 1970 wakatengeneza hesabu inayopunguza pointi pale joto linapopanda. Baadaye Israel, ambako wakulima wanahangaika na hilihili tatizo la majira ya baridi yasiyo na baridi, Fishman na Erez na wenzao wakaja mwaka 1987 na hesabu nyingine ambayo kwangu ndo inaeleweka zaidi ukiitazama kwa mfano wa kibubu. Wao wanasema kuna hatua mbili, kwanza sarafu iko mkononi na joto linaweza kukunyang'anya, lakini zikikusanyika za kutosha zinaingia kibubuni na zikishaingia hamna wa kuzitoa. Ndo maana wiki moja ya baridi mfululizo na mawingu mchana inafaa kuliko wiki tatu za usiku wa baridi na mchana wa moto. Pia ndo maana utakuta aina ileile moja imeandikwa masaa 300 huku na 450 kule, hawadanganyani, wamepima sehemu tofauti kwa vipimo tofauti. Ichukue namba kama mwongozo wa nani anahitaji zaidi ya nani, usiichukue kama bei iliyobandikwa.

Kwahiyo utajuaje kibubu chako hakijajaa? Mti unakuambia, shida ni kwamba tunausoma vibaya. Unachelewa kuchipua wakati miti mingine imeshavaa majani, afu ukichipua unachipua nchani tu na katikati ya tawi panabaki uchi kama fimbo. Maua yanatoka kwa mafungu, machache leo, mengine baada ya wiki tatu, mengine yanakauka ndani ya jicho kabla hata hayajafunguka. Tawi moja lina tunda, tawi la pembeni linachanua, la tatu bado limelala. Mtu akiona hivyo anadhani mti una njaa anaumwagia mbolea, na mbolea yenye naitrojeni nyingi inazidisha matawi na majani, mti unazidi kuwa mzuri wa kuangalia na mtupu wa matunda.

Hapa niseme kuhusu barafu kwa sababu hii imani ni ngumu kweli kufa. Watu wananunua vitalu vya barafu wanapanga kwenye shina wakiamini wanaupa mti baridi. Kinachohesabu baridi ni macho yaliyo juu kwenye matawi, kila jicho linajihesabia lake, mizizi haihusiki na hiyo kazi. Unaweza kuipoza mizizi mpaka asubuhi, macho yakabaki kwenye hewa ya digrii 20 na hakuna sarafu hata moja itakayoingia. Jasho lako bure.

Na majani kupukutika sio ushahidi kwamba mti umelala ukashiba. Majani yanaweza kudondoka kwa ukame, kwa ukungu, kwa upepo mkali, kwa wadudu. Tena ukipoteza majani mapema kabla kufuli ya ndani haijafungwa mti unaweza kuchanua papo hapo nje ya msimu, watu wanafurahi wanapiga picha, kumbe umetumia maua ya mwaka unaokuja na huo mwaka unaokuja utakaa kimya.

Basi tufike kwenye aina, maana hapa ndo ushindi au kushindwa kunaamuliwa na kunaamuliwa siku ile ya kununua mche. Mapeasi ya Asia kwa ujumla yanahitaji baridi kidogo kuliko mengi ya Ulaya, hiyo ni habari njema, lakini yenyewe kwa yenyewe yanatofautiana sana. Shinseiki, lile la njano lenye ngozi laini, na Ya Li ya Uchina ndo yanatajwa mara nyingi kwa sehemu zenye baridi ndogo, hesabu zake zinacheza kwenye masaa 250 mpaka 450. Hosui la kahawia ambalo kwa utamu watu wengi wanalipa namba moja liko hapohapo juu kidogo. Nijisseiki nalo linajaribiwa. Lakini Kosui, lililotolewa Japan mwaka 1959 na ni pendwa sana kule, watafiti wake wanalihesabia mpaka kwenye masaa 750 au 800 kabla macho yake hayajaamka vizuri, sasa mtu wa sehemu ya joto akiletewa mche wa Kosui kwa sababu tu muuzaji alisema ni nashi, amepewa miaka ya kusubiri kitu kisichokuja. Jina nashi peke yake halikwambii chochote. Dai jina la aina, na kama muuzaji hana hilo jina mimi ningeondoka.

Wapo pia machotara yaliyozaliwa kati ya peasi la Asia na la Ulaya ambayo yanaenda chini zaidi, kama Hood na Flordahome yanayopandwa Florida. Tunda lake sio lile la kupasuka mdomoni kama nashi halisi, ni laini zaidi, lakini kama baridi yako ni masaa mia moja na kitu hivi, hayo ndo mazungumzo ya kweli.

Mfano unaonisisimua kuliko yote ni wa Taiwan. Kisiwa cha joto, tambarare zake hazina baridi ya kuridhisha Hosui hata kidogo, wanayo aina yao ya zamani inaitwa Hengshan inayozaa na baridi ndogo ila ubora wake haufikii wa yale ya Japan. Miaka ya 1970 wakulima wa Dongshi, huko Taichung, wakaja na wazo, kama kila jicho linajihesabia baridi lenyewe basi kwa nini usilete jicho lililokwisha kuhesabu? Wanachukua vijiti vyenye macho ya maua vilivyolala kwenye baridi, vingine kutoka milimani kwao kama Lishan na vingine vinatoka Japan kabisa, wanavibebesha, yaani wanaviunganisha vishikane, kwenye matawi ya Hengshan huku chini kwenye joto. Jicho linafika likiwa na kibubu chake kimejaa, linakuta maji na joto, linachanua, linazaa tunda la kifahari kwenye mti wa nyanda za chini. Mwaka unaofuata wanabebesha upya kwa sababu macho mapya yaliyoota hapohapo hayajapata baridi. Ni kazi ya mikono ya kuchosha, kila mwaka, kijiti kwa kijiti, na ni uthibitisho mzuri kuliko maelezo yote kwamba joto lenyewe haliuzuii mpeasi kuzaa, kilichokosekana ni ile baridi ya kufungua kufuli tu.

Je kama uko karibu na ikweta ambako hamna majira ya baridi kabisa? Kwanza urefu kutoka usawa wa bahari unasaidia, kwa wastani kila ukipanda mita 1000 joto linashuka digrii kama 6 na nusu, kwahiyo kuna milima ya kitropiki ambayo usiku wake ni wa baridi mwaka mzima. Lakini baridi ya mwaka mzima isiyo na mpaka nayo ina utata wake, mti haujui mwanzo wala mwisho, unakuwa na majani, maua na matunda kwa pamoja kama mtu aliyesinzia kwenye kiti bila kulala wala kuamka. Wakulima wa matufaha huko Batu, Java ya Mashariki, Indonesia, walilitatua hilo kwa kuuzuia mti usiingie kwenye usingizi mzito. Baada ya mavuno wanangoja kidogo, afu wanapukutisha majani yote kwa mkono na kuinamisha matawi yalale, macho yanastuka yanachipua na kuchanua kabla kufuli ya ndani haijafungwa, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mantiki hiyo hiyo inafanya kazi kwenye mapeasi yenye mahitaji madogo, ila inataka mti wenye afya na mkulima anayefuata kalenda, ukipukutisha mti dhaifu unaumaliza.

Kuna dawa pia, sainamidi ya hidrojeni, inapuliziwa kwenye matawi yaliyolala ili kuyaamsha. Inafanya kazi pale mti ulipokwisha kupata sehemu kubwa ya baridi yake ukabakiza kidogo, haitengenezi baridi kutoka hewani. Na ni sumu ya kweli, Umoja wa Ulaya uliikatalia kibali mwaka 2008, na aliyeishika akinywa pombe siku hizo anaweza kuumwa vibaya sana. Kwa mtu mwenye miti miwili nyuma ya nyumba sioni sababu hata moja ya kuigusa.

Haya, tuseme baridi umepata na mti umechanua vizuri, mweupe kabisa, nyuki wanapita, wiki mbili baadaye vitunda vyote chini. Hapo tumefika kamba ya pili, mwenza. Ule usemi wa mti dume hauna ukweli hapa, ua la mpeasi lina sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua moja. Tatizo ni kwamba mti unaitambua chavua yake mwenyewe na kuikataa, chavua ikianza kuota kuelekea kwenye yai inasimamishwa njiani. Fikiria mlango wenye mlinzi anayekataza watu wa nyumba hiyohiyo kuoana. Kwahiyo unahitaji mpeasi mwingine, na neno mwingine hapa maana yake aina nyingine, miche miwili ya Hosui ni mti mmoja mara mbili kwa sababu yote imebebeshwa kutoka kwenye tawi la ukoo mmoja.

Tena haitoshi ziwe aina mbili tu. Kuna aina ambazo ni ndugu wa damu kiasi kwamba mlinzi anaziona kama mtu mmoja, Kosui na Shinsui ni hivyo, haziwezi kuchavushana. Niitaka ni tatizo lingine, chavua yake yenyewe haifai, inapokea lakini haitoi, ukipanda Niitaka na Hosui peke yake basi Niitaka itazaa na Hosui itabaki inalia. Ipo moja inaitwa Osa-Nijisseiki iliyobadilika kwa asili ikawa inakubali chavua yake, lakini hiyo ni ya kipekee, usidhani mti wako ni hiyo.

Afu lazima zichanue pamoja, na sehemu za joto hili ni gumu kuliko kwingine kwa sababu aina inayohitaji baridi kidogo inaamka mapema na ile inayohitaji zaidi inachelewa au inachanua ovyoovyo, zinapishana kama watu wawili wa zamu tofauti. Ya Li ni ya mapema, inapenda kuwa na mwenzake wa mapema, kwa kawaida inawekwa na Tsu Li. Hosui na Shinseiki zinaelewana vizuri. Ukichagua mbili chagua zenye mahitaji ya baridi yanayokaribiana, hiyo kanuni moja inakuepusha na mengi.

Na nyuki nao wana lao. Ua la mpeasi lina asali nyepesi, sukari yake ni ndogo, nyuki akipata maua mengine matamu karibu anaondoka. Japan wakulima wengi hawategemei bahati, wanachavusha kwa mkono kwa kifaa chenye manyoya laini nchani. Nyumbani brashi ndogo ya rangi inatosha, asubuhi kukiwa kukavu, unagusa ua la mti huu unapeleka kwenye ule, siku mbili tatu mfululizo. Ni nusu saa ya kazi na tofauti yake utaiona.

Kuhusu mbegu, najua wapo wanaokausha mbegu za tunda walilokula wakiwa na matumaini, na sipendi kuvunja moyo wa mtu. Mbegu inaota, ukiiweka kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya friji miezi miwili au mitatu maana hata mbegu nayo inalala. Lakini kitakachoota sio tunda ulilokula, ni mtoto wa wazazi wawili na sura yake huijui. Nijisseiki yenyewe ilianza hivyo, mwaka 1888 huko Matsudo, Japan, kijana wa miaka 13 aliuona mche umejiotea kwenye jalala akauchukua akautunza, na ulizaa kwa mara ya kwanza mwaka 1898. Miaka kumi. Na huo ndo mmoja uliofanikiwa kati ya miche mingapi isiyohesabika iliyotoa matunda madogo makavu. Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa pili mpaka wa nne na unajua unachosubiri. Ukipanda hakikisha pale palipounganishwa panabaki juu ya udongo.

Ule mti wa chini uliobebeshewa nao una kazi yake. Kwa sehemu za joto ulizia Pyrus calleryana au Pyrus betulifolia, mizizi yake inavumilia joto, inavumilia udongo uliotuama maji kuliko mingine, na betulifolia inaweza pia udongo wa chumvichumvi wa chokaa. Kubebesha kwenye mkwinsi (quince kwa Kiingereza, mti wa jamii ya mpeasi) ili mti uwe mfupi ni desturi ya mapeasi ya Ulaya, ya Asia hayashikani nao vizuri.

Kamba ya tatu ni ugonjwa, na huu unaua mti kabisa kwahiyo tafadhali usiuruke. Kuna bakteria anaitwa Erwinia amylovora, anapenda joto na unyevu wakati wa maua, yaani hali ileile ya masika ya sehemu nyingi za joto. Anaingia kupitia ua, maua yananyauka yanakuwa meusi, afu tawi linaonekana kama limeungua kwa moto na ncha yake imejikunja kama kipini cha mwamvuli. Ukiona hivyo siku ileile kata sentimita 20 mpaka 30 chini ya pale uharibifu unapoishia, kwenye mti ulio mzima kabisa, na ufute mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, la sivyo mkasi ndo unaeneza. Choma vilivyokatwa. Hosui na Nijisseiki wanaumwa kirahisi, Shinko ndo inajulikana kwa uvumilivu, na kama eneo lako lina baridi ya kuitosha mimi ningeweka Shinko mbele hata kama Hosui ni tamu zaidi, kwa sababu mti uliokufa hauna utamu. Naitrojeni nyingi inaleta machipukizi laini ambayo bakteria huyu anayapenda mno, sababu nyingine ya kuushika mkono kwenye mbolea.

Matunzo mengine nipite haraka. Miaka miwili ya mwanzo maji yasikatike, tandaza majani makavu kwenye shina bila kuligusa, paka shina rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa ili jua la mchana lisilipasue. Inamisha matawi yanayokimbilia juu, tawi lililolala linaweka macho ya maua na lililosimama linaweka majani, na hilo lina uzito mara mbili sehemu za joto ambako mti unapenda kukimbia juu. Ukipata matunda mengi punguza, kila fungu la maua linaweza kufunga vitunda vitano sita, acha kimoja, kati ya tunda na tunda kama sentimita 15. Inauma kuyatupa, ila ukiyaacha yote utapata vigololi visivyo na sukari na mwaka unaofuata mti utapumzika. Kuchuma, ngoja rangi ya kijani iishe chini ya ngozi, lile la kahawia linakuwa kama dhahabu, linyanyue kwa kiganja, likiachia lenyewe limeiva. Lishike kama yai, alama ya kidole inabaki.

Sasa wewe ambaye mti unao tayari, una miaka saba, mkubwa, mzima na hauzai. Usiukate. Mizizi yake ni mali, umeshalipia miaka. Tafuta vijiti vya aina mbili zinazohitaji baridi ndogo na zinazochanua pamoja, Shinseiki na Hosui kwa mfano, ubebeshe kwenye matawi ya huohuo mti kabla haujachipua, moja upande huu na nyingine upande ule. Macho ya juu ndo yanayohesabu baridi, kwahiyo ukibadilisha macho umebadilisha hesabu, na mwenza wa kuchavusha anakuwa yuko kwenye shina hilohilo. Acha tawi moja au mawili ya zamani yaendelee kulisha mizizi mwaka wa kwanza, funga alama kwa uzi usisahau lipi ni lipi, na kwa kuwa mizizi ni ya mtu mzima vijiti vinakimbia, mwaka wa pili au wa tatu unaweza ukawa unahangaika na kupunguza matunda.